Kaboni ya Buhaya na Mwendo wa Elektroni

Nchi ya Buhaya, ambamo Ijumbi imo, ilijua kazi ya kuyeyusha chuma tangu zamani sana. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza habari za matanuri yaliyofukuliwa magharibi ya Ziwa Victoria, wakikadiria umri wake kuwa miaka 1,500 hadi 2,000. Wazee walioikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri jipya, wakalijaza shimo lake nyasi za bwawani zilizounguzwa. Nayo kaboni ya nyasi ikaingia katika chuma, kikapatikana chuma cha pua. Dai la kwamba hewa ilipata moto ndani ya mabomba ya udongo limepingwa na wataalamu wengine. Lakini kazi ya kaboni haina shaka.

Kazi hiyo, kwa lugha ya fizikia, ni kuhamisha elektroni. Katika mtapo, oksijeni imekinyang'anya chuma elektroni zake. Kaboni huiondoa oksijeni hiyo, na chuma hurudishiwa zilizo zake. Wafua chuma hawakulijua jina hilo, wala haifai kuwasingizia, J. J. Thomson mwenyewe aliitambua elektroni mwaka 1897 tu. Kabla yake, mwaka 1879, Edwin Hall wa Baltimore alipitisha umeme katika jani jembamba la dhahabu mbele ya sumaku, akaona kwamba umeme husukumwa upande.

Kaboni ile ile, ikijipanga tabaka juu ya tabaka, ndiyo risasi ya kalamu. Mwaka 2004, huko Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov waliibandua kwa utepe wa gundi hata wakapata tabaka lenye unene wa atomu moja, liitwalo grafini.

Humo elektroni huenda kana kwamba hazina uzito. Umeme ukizisukuma huzibadili nishati na njia, bali kasi hubaki karibu mita 1,000,000 kwa sekunde. Sumaku huzipinda zikazunguka duara, na nguvu yake ikizidishwa mara 4, nishati ya mizunguko hiyo huzidi mara 2 tu. Mwaka 2005 ilionekana Manchester na New York kwamba msukumo ule wa Hall, ndani ya grafini, hupanda kwa ngazi. Na mwaka 2007 ngazi hizo zilionekana, chini ya sumaku kali mno, katika joto la kawaida la chumba, pasipo baridi kali iliyohitajiwa na vitu vingine.