Mzungu wa Nne: Historia Katika Majina ya Karata

Msomaji aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa kwamba katika karata mfalme huitwa mzungu wa nne, ghulamu mzungu wa tatu, na bibi mzungu wa pili. Sababu ya kuitwa mzungu ni dhahiri, kwani picha ni za watu waliovaa Kizungu. Hesabu ndiyo yenye kutatiza. Ikiwa ni hesabu ya daraja, mzungu wa kwanza yuko wapi? Na kwa nini ghulamu ampite bibi?

Jawabu halimo katika picha, limo katika mchezo. Wareno wana mchezo wa nyumbani uitwao bisca, ambao mtoto aweza kuufahamu kwa jioni moja. Huondolewa nane, tisa na kumi za kila aina, zikabaki karata 40. Kila mchezaji hupewa tatu, na moja hufunuliwa ili kuonyesha turufu. Ree huhesabiwa 11, saba 10, mfalme 4, ghulamu 3, bibi 2. Zilizosalia hazina kitu. Jumla ni 120, kwa hiyo mwenye kufikisha 61 ameshinda. Basi mzungu wa nne si wa daraja la nne, bali ni mzungu mwenye thamani ya nne. Na Unguja mchezo wa jamii hii huitwa wahedi-wa-sitini, yaani, kwa Kiarabu, sitini na moja.

Utamu wake umo katika kuthubutu. Mwenye ree isiyo ya turufu aitupe sasa, akitumaini kwamba hakuna wa kuikata, au aiweke mpaka imwozee mkononi? Nilipokuwa mdogo niliitupa ree ya kopa kwa majivuno. Shangazi yangu akaila kwa turufu ndogo isiyo na thamani yoyote, na mkeka mzima ukacheka. Mambo kama hayo hayajifunzi mtu kwa kusikia jina tu. Aliyetuachia hesabu hii alikaa na wenyeji akacheza nao, tena si mara moja.

Majina ya aina nne yajulikana asili yake: shupaza ni espadas, panga, kopa ni copas, vikombe, uru ni ouros, dhahabu, pao ni paus, marungu. Kadhalika turufu ni trunfo. Katika kopa zetu hamna kikombe, mna moyo. Lakini tusiharakishe kusema kwamba wazee wetu walishika karata za vikombe, maana Wareno wenyewe huyatumia majina hayo ya kale kwa karata za namna ya Kifaransa. Ree nayo yafanana na rei, mfalme. Ikiwa ndivyo, na mimi naelekea huko, jina la mfalme lilipanda juu ya karata kubwa kuliko zote, mwenyewe akaachiwa tarakimu.

Ni lini? Tumezoea kuyapitisha maneno yote ya Kireno katika lango la Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na kutekwa na Waomani mwaka 1698. Kwa gereza sina ubishi. Lakini katika jamii hii ya michezo, brusquembille ya Wafaransa, ambayo nayo huhesabu 11, 10, 4, 3 na 2, kanuni zake zilichapishwa mwaka 1718, ngome ikiwa imekwisha potea. Kweli, mchezo huchezwa kabla ya kuchapishwa, na hoja hii peke yake haitoshi. Hata hivyo Wareno walikaa Goa mpaka 1961 na Msumbiji mpaka 1975, na katika karne ya 19 Wagoa walifika Unguja wakawa wapishi, washoni na makarani. Yamkini aliyetufundisha kuhesabu mzungu wa nne hakuwa askari wa ngome, bali mshoni wa Kigoa aliyefunga duka lake jioni na kutafuta watu watatu wa kucheza naye.