Lipu, Bima na Dhamana ya Jengo Mjini Moshi

Nyumba ya msonge ya Wachagga wa Mlima Kilimanjaro haikuhitaji lipu: majani yalishuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi. Adui wake alikuwa moto, maana jiko lilikuwa ndani, pamoja na mifugo. Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, bati na saruji vilianza kupanda mlimani, na fedha za kahawa, hasa baada ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kuundwa mwaka 1933, zikaongeza kuta za matofali. Kisha saruji ikaanza kutengenezwa nchini: kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1966.

Mwaka uliofuata bima ilitaifishwa, na Shirika la Bima la Taifa likabaki peke yake sokoni hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi. Bima ya moto hutofautisha ukuta wa matofali au tofali za saruji na ule wa miti na udongo, hata kama huo wa pili umepakwa lipu ukapendeza. Lipu haibadilishi kilicho nyuma yake.

Ugomvi mwingi kuhusu lipu huzuka baada ya masika. Lipu yenye mchanga mwingi na saruji kidogo hupasuka, maji huingia, na vipande hubanduka karibu na msingi. Bima kwa kawaida haifidii uchakavu wa polepole wala kazi mbovu ya fundi. Hilo ni la mkandarasi, ambaye mkataba humbana arekebishe kasoro katika kipindi cha uangalizi, mara nyingi miezi 12. Fundi wa mtaani asiye na mkataba habanwi na mtu.