Kipande cha Siku 30

Mashamba ya kahawa ya Oldeani, juu ya mji wa Karatu, yamepakana na msitu wa Ngorongoro hivi kwamba tembo akishuka usiku hujikuta katikati ya mibuni. Wengi wa walioyafungua ni walowezi wa Kijerumani, walioruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925 baada ya kufukuzwa na vita. Ardhi waliipata. Shida ilikuwa watu wa kuilima, maana Wairaqw waliokuwa jirani walikuwa na mashamba na ng'ombe wao wenyewe.

Mkataba uliotawala ajira za mashambani enzi hizo uliitwa kipande. Kenya, kipande kilikuwa kitambulisho ambacho Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Kwetu kilikuwa kadi ya kazi ya siku 30. Umemaliza ngwe yako, unawekewa alama. Umelala na homa, siku hiyo haihesabiwi. Mshahara ulifuata kadi kujaa, si mwezi kwisha. Kijana mwenye afya aliijaza kwa wiki tano. Mwenye magoti mabovu aliiburuza, na ujira ule ule wa mwezi akausubiri zaidi.

Magoti nimeyataja kwa makusudi. Siku hizi tukiongelea ajira ya watu wa makamo, lawama tunaitupia kompyuta. Lakini ajira ya mshahara katika nchi hii tangu mwanzo haikumpangia mtu nafasi ya kuzeekea kazini. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, ofisi ya kuwatafutia wafanyakazi. Mawakala wake walikwenda Kigoma, Songea, hadi Ruanda-Urundi. Waliokubaliwa walisafirishwa kwa treni na malori, nao ndio walioitwa manamba, kwa sababu kila mtu alikuwa na namba yake. Mkataba ukiisha, unarudishwa kwenu. Shamba lilichukua miaka ya nguvu, na ile ya kukohoa kando ya moto ikaachiwa kijiji.

Baada ya uhuru SILABU haikudumu. Mwaka 1964 ukaja Mfuko wa Akiba wa Taifa, ule wa NPF, na mwajiriwa akaanza kukatwa fedha za uzeeni. Kibarua wa msimu kwa kawaida alibaki nje. Neno lenyewe, kwa asili, ni barua ndogo: kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa ili jioni akadai ujira. Karatasi ya siku moja haina uzee ndani yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeutaja umri miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu. Lakini soma matangazo ya kazi za serikali: mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45. Hesabu yake inaeleweka. Pensheni ya kila mwezi inadai michango ya miaka 15, na kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, ulioanzishwa mwaka 2008, ulijulikana zaidi kwa kuwapeleka wahitimu wa vyuo wakapate uzoefu. Aliyekwisha kuupata uzoefu huo anajitafutia mwenyewe.

Karatu anajitafutia kwa njia ya zamani. Kahawa ikiiva, akina mama wenye mvi nao wanachuma, wakilipwa kwa debe. Debe haliulizi mtu kazaliwa lini, ila linachelewa kujaa. Wanaume wa rika lao wengi huangukia ulinzi, kazi inayopatikana kwa kuletwa na mtu: "Huyu mzee namfahamu, halewi." Hapo hakuna fomu wala daktari. Anapewa koti kubwa, tochi na rungu, na baridi ya Ngorongoro ikianza kushuka saa mbili usiku, anasogeza kiti chake karibu na jiko la mkaa la muuza mahindi, ambaye naye yuko mbioni kufunga.