Taji la jino lilivyoachana na plasta

Mvua inayonyesha chini ya Nyiragongo hushuka na moshi wa volkano. Moshi huo una floridi, na katika vijiji vya pembezoni mwa Goma, ambako watu hukinga maji ya paa kwa kunywa, watoto wengi wamekua na meno yenye madoa ya kahawia, mengine yamechimbika. Shirika la Afya Duniani linataka floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji mengi ya eneo hili hupita hapo. Jino huathirika lingali ndani ya ufizi, gamba lake linapojengeka. Mtoto hana kosa lolote, na mswaki hauwezi kulifuta doa hilo.

Meno kama hayo yakivunjika hutaka kujengwa upya, na zamani kazi hiyo ilikuwa ya mateso. Mgonjwa alijazwa mdomoni uji mzito, akatulia hadi ugande huku akizuia kichefuchefu. Kalibu iliyopatikana ilimiminiwa plasta, na plasta ikapelekwa kwa fundi wa meno, ambaye alichonga nta, akayeyusha metali, akachoma kauri. Plasta ikivunjika njiani, mgonjwa aliitwa tena. Pasipokuwa na fundi wa karibu, mara nyingi lililobaki ni koleo.

Mwaka 1973, huko Lyon, Mfaransa François Duret aliandika tasnifu iliyopendekeza umbo la jino lichukuliwe kwa mwanga. Ilichukua zaidi ya miaka 10 wazo hilo kufika kwenye kiti cha mgonjwa. Tarehe 19 Septemba 1985, katika Chuo Kikuu cha Zurich, daktari Werner Mörmann, aliyeshirikiana na mhandisi Marco Brandestini, alinyunyiza poda nyeupe kwenye jino lenye tundu, akalipiga picha kwa kamera ndogo, na mashine ikachonga kizibo kutoka kwenye kipande cha kauri. Mgonjwa alitoka na jino lililozibwa siku hiyohiyo. Mwaka huo huo, jijini Paris, Duret naye aliwaonyesha wenzake jinsi taji zima, yaani kifuniko cha jino lote, linavyotengenezwa. Baadaye zikaja eksirei zisizohitaji filamu, skana zisizohitaji poda, na zirkonia, kauri ngumu inayostahimili nguvu za magego.

Wengi husifu kasi ya mambo haya. Kwa Goma mimi naona jambo kubwa zaidi: umbo la kinywa limekuwa faili. Kinshasa, yenye kitivo cha udaktari wa meno, iko zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna barabara ya kutegemewa ya kufika huko. Faili halihitaji barabara. Kliniki yenye skana inaweza kulituma kwa fundi wa Kigali au Kampala, na kinachosafiri kurudi ni taji tu.

Lakini skana hula umeme. Kituo cha Matebe, Rutshuru, kilichoanza kazi mwaka 2015, kiliipa Goma umeme wa maji. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika. Mashine ikiharibika wakati kama huo, fundi wa kuitengeneza hapatikani kirahisi. Kwa hiyo siafiki kijana asagwe jino zima ili avikwe kauri kwa ajili ya doa. Kompoziti, yaani resini ya kujazia jino inayogandishwa kwa taa ya buluu, mikononi mwa munganga mwangalifu, inatosha katika visa vingi, na gharama yake ni nafuu.

Mji huu umehamishwa na lava mwaka 2002, tena 2021, kisha na bunduki. Plasta iliyoachwa kabatini hupotea pamoja na kliniki. Anayepimwa kwa skana aombe nakala ya faili lake, la aina ya STL ambayo programu nyingi huifungua, alihifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe. Akihamia Bukavu, Gisenyi au kambi ya wakimbizi ya Nakivale, daktari mwingine ataona jino lilivyokuwa kabla halijavunjika.