Jembe, Mkuki na Kifungu cha 18: Historia ya Haki ya Kujihami Dumila

Haki ya kutumia nguvu kujikinga, au kulinda shamba na mifugo, ina historia ndefu kuzunguka Dumila. Mji huu wa wilaya ya Kilosa umesimama pale barabara ya Rudewa na Kilosa inapochepuka kutoka barabara kuu ya Morogoro na Dodoma. Upande mmoja iko milima ya Ukaguru, na upande mwingine bonde la Mkata, lenye majani ya malisho na udongo wa mahindi na mpunga. Wakaguru na Wasagara hulima humo. Waparakuyo, ambao wenyeji wengi huwaita Wakwavi, pamoja na Wamaasai, hulisha ng'ombe humo humo.

Zamani jeraha lilikuwa deni. Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ukoo huo ndio uliobeba mzigo wa fidia ya damu mtu wao alipoua. Utawala wa Kijerumani ulikuja na hesabu nyingine. Amri ya Kansela ya 22 Aprili 1896 iliwapa wakuu wa boma mamlaka ya kuwahukumu Waafrika faini, minyororo na viboko, hadi 25 kwa mara moja. Utawala ulioshika kiboko namna hiyo haukuona haja ya kumwandikia raia mipaka ya nguvu yake mwenyewe.

Waingereza walipoipokea Tanganyika walitumia kwanza sheria za India, ikiwemo Kanuni ya Adhabu ya 1860. Kanuni hiyo ilikuwa na vifungu 11, cha 96 hadi 106, vilivyoeleza haki ya kujihami: lini mtu anaweza kujeruhi, lini anaweza hata kuua, na lini haki hiyo inakoma. Aliyevuka mpaka wa kujihami kwa nia njema na kuua hakuhesabiwa muuaji wa kukusudia. Mwaka 1930 yote hayo yaliwekwa kando. Kanuni mpya ya Tanganyika ilipanga vizuri makosa ya kushambulia, kujeruhi na kuua, lakini kuhusu kujihami kifungu cha 18 kilisema jambo moja tu: swali hilo liamuliwe kwa misingi ya sheria ya Uingereza. Lilikuwa pengo kubwa. Mkulima aliyekuta ng'ombe kwenye mahindi usiku, au mfugaji aliyeona zizi lake likivunjwa, alipimwa kwa misingi iliyokuwa imetawanyika katika hukumu za London.

Kesi ndogo hazikufika mbali hivyo. Mwanaanthropolojia Mmarekani T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuandika mwaka 1961 juu ya ulevi wa pombe na wizi wa ng'ombe huko, alieleza mabaraza ya machifu wa Kikaguru yaliyohukumu pia ugomvi wa Wakaguru na Waparakuyo. Mfugaji alisimama mbele ya hakimu wa kabila la jirani anayegombana naye. Hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wa mabaraza hayo, kwa kuwa hata hukumu ya haki ilikuwa vigumu kuaminiwa. Mauaji hayakuwa mikononi mwao. Hayo yalikwenda Mahakama Kuu, na aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia alihukumiwa kunyongwa.

Kwa hiyo hatua kubwa zaidi ilitoka kwenye rufaa za mauaji. Katika hukumu za miaka ya 1950, ikiwemo rufaa moja ya Tanganyika ya 1954, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba mtu aliyekuwa akijihami au akilinda mali yake, akazidisha nguvu na kuua, anaweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Uingereza yenyewe haikuwa na njia hiyo ya kati. Mwaka 1971, katika rufaa ya Palmer kutoka Jamaica, Baraza la Faragha la London lilikataa msimamo huo: utetezi wa kujihami unafaulu wote au unaanguka wote. Mahakama za Afrika Mashariki zilikuwa zimesoma mazingira ya watu wao vizuri zaidi.

Bunge la Tanzania lilimaliza suala hilo kwa Sheria Na. 14 ya 1980, iliyofuta kutegemea Uingereza na kuingiza vifungu vya 18A, 18B na 18C. Cha kwanza kinampa kila mtu haki ya kujikinga, kumkinga mwenzake, na kulinda mali, ikiwemo mali ya serikali, ya ushirika na ya kijiji. Alama ya enzi za Ujamaa iko wazi hapo. Cha pili kinaruhusu nguvu ya kadiri inayohitajika tu, kinamtia hatiani aliyezidisha, na kutamka kwamba aliyeua kwa kuzidisha ana kosa la kuua bila kukusudia. Cha tatu kinataja hali ambazo mtu anaweza kuua au kujeruhi vibaya kwa halali: akiwa na sababu ya msingi kuhofia kifo, madhara makubwa, kubakwa, kutekwa, kuvunjiwa nyumba, kuporwa au kuchomewa moto. Mfuatano huo unafanana mno na ule wa India. Hata kanuni ya kuruhusu kumhatarisha asiyehusika, pale ambapo hakuna njia nyingine ya kuokoa maisha, imo. Tanganyika ilikitupa mwaka 1930 kile ambacho Tanzania ilikiokota miaka 50 baadaye.

Orodha ya 18C inamalizika kwa maneno mapana, yanayogusa kosa lolote la kuhatarisha maisha au mali. Mkulima anaweza kuyasoma akadhani yanamruhusu kumchoma mkuki mchungaji aliyeingiza ng'ombe shambani. Hayamruhusu. Kipimo cha 18B kinabaki palepale, na ng'ombe wanaweza kuswagwa watoke bila kumuua mtu. Kuwakata mapanga ng'ombe hao nako ni kosa la jinai kivyake.

Ugumu uliongezeka pale ulinzi ulipokuwa wa kikundi. Walinzi wa jadi wa Sungusungu, walioanzia Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipewa mamlaka ya kukamata kwa sheria ya 1989, na mfumo huo ulienea hadi vijiji vya Kilosa, ambako kukamata kulimaanisha mara nyingi kukamata mifugo. Tarehe 8 Desemba 2000, baada ya mvutano wa muda mrefu wa ardhi na ng'ombe, wafugaji wenye silaha waliwaua wakulima 38 katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Utafiti wa Benjaminsen, Maganga na Abdallah, uliochapishwa mwaka 2009, uliyahusisha mauaji hayo na sera zilizowabana wafugaji na rushwa ya watendaji. Maelezo hayo yana uzito, lakini hayageuzi hesabu ya jinai. Kujihami ni kuzuia hatari iliyopo sasa. Kuvamia kijiji kwa ajili ya ng'ombe waliokamatwa ni kulipiza kisasi, na sheria haikutambui kamwe kuwa ni kujihami.

Kesi za kila siku ni ndogo kuliko hizo: fimbo kwenye kilabu cha pombe, ngumi sokoni, panga kwenye mpaka wa shamba. Aliyeumizwa huenda kwanza polisi kuchukua fomu ya PF3, ndipo hospitali, na fomu hiyo iliyojazwa na daktari huwa ushahidi. Shambulio la kawaida, kifungu cha 240, lina kifungo cha hadi mwaka mmoja. La kudhuru mwili, kifungu cha 241, hadi miaka mitano. Kusababisha madhara makubwa, kifungu cha 225, hadi saba. Mashauri mengi madogo huishia mahakama ya mwanzo. Kwa shambulio la kawaida linalofika mahakama iliyo juu ya hiyo, kifungu cha 163 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya 1985 kinairuhusu mahakama kuwapatanisha wagomvi, kwa fidia au masharti mengine, ikiwa maslahi ya umma hayadai adhabu. Njia hiyo haifunguki pale mtu anapokuwa amekufa.