Suala la Nyumba na Watu wa Akili Tofauti: Funzo Kutoka Historia ya Uingereza

Katika madarasa yetu tumezoea kufundisha suala la nyumba katika nchi za kibepari kwa kuzungumzia kodi, mshahara na mwenye nyumba. Hayo ni ya msingi wala hatuyafuti. Lakini wako watu ambao hata kodi ikilipwa yote, nyumba waliyopewa bado haikaliki kwao. Hao ni watu wazima wenye usonji, na wengine ambao ubongo wao hupokea sauti, mwanga na maneno kwa namna isiyo ya walio wengi, na ambao mara nyingi hubeba pia maradhi ya wasiwasi na huzuni. Kwa mtu wa namna hiyo ukuta mwembamba na lango la lifti linalogongwa usiku kucha ni mambo ya kumrudisha hospitalini. Ndugu mmoja darasani alituuliza kama jambo hili si la udaktari tu. Tulimjibu kwa historia, na historia yenyewe tunaieleza hapa.

Mwaka 1872 Engels alieleza kwamba mabepari hawalimalizi suala la nyumba. Hulihamisha tu kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Kwa watu tunaowazungumza, uhamisho wa kwanza ulikuwa wa kuwapeleka nyuma ya ukuta. Sheria ya mwaka 1845 iliyalazimisha majimbo ya England na Wales kujenga hospitali za wendawazimu, na sheria ya mwaka 1913 ikaongeza makazi ya kuwatenga wale walioitwa punguani. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 watu wapatao 150,000 walikuwa wakiishi katika hospitali hizo. Kiwanda hakikuwahitaji, kwa hiyo mtaa nao haukuwahitaji.

Wakati huo huo tabaka la wafanyakazi lilikuwa likidai nyumba, na likizipata. Sheria ya Addison ya mwaka 1919 iliahidi nyumba 500,000. Zilijengwa chini ya nusu. Baada ya vita ya pili kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Aneurin Bevan, ambaye hadi mwaka 1951 wizara yake moja ilisimamia afya na nyumba pia. Hapa tunaona nafasi ambayo haikurudi tena: waziri mmoja, hospitali zote na mpango wa ujenzi mezani pake! Lakini nyumba za halmashauri zilipimwa kwa familia, yaani baba mfanyakazi, mama na watoto. Mtu mzima asiye na mke wala mtoto alikaa mkiani mwa orodha. Hatusemi haya kuwabeza waliojenga. Tunasema walimhesabu mtu kwa kaya yake.

Mwaka 1961 unastahili kukumbukwa na kila msomaji. Mwezi Machi waziri wa afya Enoch Powell alitangaza kwamba vitanda vya wagonjwa wa akili vitapunguzwa kwa nusu katika miaka 15. Mwaka huo huo kamati ya Parker Morris ilitoa taarifa yake juu ya ukubwa na joto la nyumba za kisasa, viwango ambavyo vilikuja kuwa lazima kwa nyumba za halmashauri mwaka 1969. Waziri alikuwa akiwatoa watu hospitalini, kamati ikipima vyumba, na mipango hiyo miwili haikuunganishwa. Waliotoka hospitalini wengi waliishia katika vyumba vya kupanga na nyumba za wageni za miji ya pwani, ambazo wenyewe walifurahi kupata wapangaji wa mwaka mzima.

Sheria ya mwaka 1977 kuhusu watu wasio na makao ilikuwa ushindi wa kweli. Kwa mara ya kwanza halmashauri ililazimika kumpatia makao mtu dhaifu kwa sababu ya ugonjwa wa akili au ulemavu. Lakini sheria hiyo hiyo ilimnyima haki kamili aliyekosa makao kwa makusudi. Hebu tufikiri: mtu mwenye usonji anayekimbia kelele za jirani, je, ameondoka kwa makusudi? Karani akiamua kwamba ilikuwa busara kuendelea kukaa pale, jibu ni ndiyo. Basi hapo maumivu ya mtu yanageuzwa kuwa kosa lake.

Miaka mitatu baadaye, sheria ya mwaka 1980 ya serikali ya Thatcher iliwapa wapangaji haki ya kununua nyumba za halmashauri kwa punguzo la hadi nusu ya bei, na viwango vya Parker Morris vikaondolewa. Takriban nyumba milioni 2 ziliuzwa nchini England. Nyumba nzuri zenye bustani na utulivu ndizo zilizotangulia kununuliwa. Ghorofa zenye kelele zilibaki, na ndizo anazogawiwa mwombaji tunayemzungumza.

Udhaifu nao ukawa wa kuthibitishwa. Mwaka 1998 mahakama ya rufani ilimlinganisha mwombaji na mtu wa kawaida asiye na makao. Na kwa kuwa wengi wa wasio na makao ni wagonjwa, ilimbidi awe mgonjwa kuliko wagonjwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisahihisha hilo, ikasema alinganishwe na mtu wa kawaida yeyote akikosa makao. Lakini iliongeza kwamba msaada wa ndugu unaweza kuhesabiwa. Hivyo mwenye kaka anayempikia na kumwandikia fomu aweza kuambiwa si dhaifu, na kaka anabeba mzigo wa dola bila malipo.

Akikataliwa hubaki na soko. Tangu Januari 2012 msaada wa kodi kwa mpangaji wa mwenye nyumba binafsi, aliye peke yake na hajafika miaka 35, hukadiriwa kwa chumba katika nyumba ya kushirikiana jiko na choo na wageni. Walio na ulemavu mkubwa uliothibitishwa husamehewa. Aliyepimwa usonji akiwa mtu mzima, au anayesubiri kupimwa, huenda karatasi hiyo hana.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2012 Uskoti ilifuta kabisa sharti la kuthibitisha udhaifu kwa wasio na makao. England haijalifuta, na mwombaji bado anasimama mbele ya kaunta akieleza kwa nini hawezi kusimama hapo.