Kaburi la Itimad-ud-Daulah, Agra

Jengo hili la marumaru nyeupe, kando ya mto Yamuna, ni kaburi la Mirza Ghiyas Beg, waziri mkuu wa Jahangir, mtawala wa dola ya Wamughal wa India. Lilijengwa kati ya 1622 na 1628 kwa amri ya binti ya Ghiyas Beg, Malkia Nur Jahan.

Ghiyas Beg alitoka katika ukoo wa watumishi wakuu wa serikali ya Uajemi. Baada ya baba yake kufariki, alihamia India akiwa mtu aliyefilisika. Nur Jahan alizaliwa njiani, Kandahar, 1577. Akbar, mfalme aliyemtangulia Jahangir, alimpa Ghiyas Beg kazi, na Jahangir alipotawazwa 1605 akamvika cheo cha Itimad-ud-Daulah, yaani nguzo ya dola. Mwaka 1607 mwanawe aliuawa kwa kushiriki njama dhidi ya mfalme, naye Ghiyas Beg mwenyewe akakamatwa kabla ya kusamehewa. Binti yake alipoolewa na Jahangir, 1611, Ghiyas Beg alipanda cheo kuliko mwanzo. Walioishi zama zake walimsifu kwa upole na kwa mwandiko mzuri. Walimtaja pia kwa kupenda rushwa.

Alifariki 1622. Amelala hapa na mkewe, Asmat Begum.

Tazama kuta kwa karibu: miberoshi, vyombo vya mvinyo na maua vimeundwa kwa vipande vya mawe ya rangi vilivyopachikwa ndani ya marumaru. Ufundi huohuo ulitumika baadaye Taj Mahal, kaburi la mjukuu wa Ghiyas Beg, Mumtaz Mahal.

Tafadhali usiguse nakshi.